Anayeuguza Naye Mwili Wake Hulemewa

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, mzazi anapopoteza kumbukumbu kwa uzee, kazi ya kumuuguza humwangukia mtu mmoja, na aghalabu mtu huyo ni binti. Wengine huja Ijumaa, wakamjulia hali mgonjwa, wakaacha chochote, wakarejea makwao. Binti akilalamika kwamba mafua hayamwachi, huambiwa apumzike, kana kwamba mapumziko yanauzwa dukani.

Malalamiko yake yana ushahidi. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, Bi Janice Kiecolt-Glaser na wenziwe waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa zao wenye maradhi ya kusahau, wakawalinganisha na wengine 13 wa umri na kipato kinachokaribiana. Kila mmoja alitiwa kijeraha mkononi, upana wake milimita 3.5. Kwa wasiouguza, kilipona kwa siku 39 hivi. Kwa wanaouguza, zilipita takriban siku 49. Siku 10 kwa jeraha dogo kuliko punje ya mtama!

Juu ya kila figo pana tezi ambayo, mtu anaposhikwa na wahaka, hutoa homoni iitwayo kotisoli. Kwa dharura ya saa moja homoni hii inafaa, maana huongeza sukari damuni ili mwili upate nguvu. Taabu huja wahaka unapodumu miaka. Chembechembe nyeupe za damu, zilizo askari wa mwili, zinapokutana na vijidudu vya maradhi huvuta sukari kwa wingi na kuiunguza upesi ili zizaane. Kotisoli huzizuia zisiivute. Basi sukari imejaa damuni na askari wana njaa, mfano wa baharia mwenye kiu katikati ya bahari. Ndiyo maana madaktari hutumia dawa za jamii hiyo kuituliza kinga inapopindukia, kama katika pumu kali.

Uzee nao huongeza lake. Mitokondria, yaani vijumba vilivyomo ndani ya chembe ambamo chakula hugeuzwa nguvu, huzorota, na tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambako baadhi ya askari hao hukomaa, husinyaa tangu ujanani. Mwanamke wa miaka 55 anayemuuguza mamake amebeba mizigo yote miwili.

Mwaka 2018 Martin Picard, Elissa Epel na wenzao walipima mitokondria za chembechembe nyeupe za akina mama 91, nusu yao hivi wakiwa wanalea watoto wenye usonji. Kwa walezi hao nguvu ya mitokondria ilikuwa pungufu. Lililotuvutia zaidi ni kwamba waliokuwa na moyo mkunjufu nyakati za usiku walikuwa na vipimo bora siku zilizofuata. Huo ni uhusiano tu, wala hatusemi kwamba kicheko ni dawa. Lakini anayeamka mara nne usiku kumgeuza mzee atakunjuka moyo saa ngapi, ikiwa hana wa kumpokea zamu?

Pana jambo moja la kuangaliwa mapema. Kidonda kinachokawia kupona huwa pia dalili ya kisukari, hivyo binti huyo apimwe sukari. Na asubuhi ya kwenda kupimwa, kaka zake waafikiane ni nani atakayebaki na mzee.