Askari wa Zamani Darasani Kwetu

Tuanze na jina, maana katika idara ya lugha jina si jambo dogo. Mwanafunzi aliyewahi kutumikia jeshi tumwiteje? Wengi husema "askari mstaafu", lakini mstaafu masikioni mwa watu ni mzee mwenye mvi na kiinua mgongo, ilhali wanafunzi tunaowazungumzia wana miaka 28, 31 au 35. "Mkongwe wa vita" lina kasoro hiyo hiyo, na tena si wote waliopigana vita. "Veterani" limeshika hapa Uganda, ila kwa jirani zetu wa Tanzania akili hukimbilia timu ya mpira ya wazee wa mtaa. Katika makala haya tutasema "askari wa zamani". Asiyeridhika atuandikie.

Wanafunzi wa aina hii wapo katika idara yetu, na sababu yake inaeleweka. Kiswahili ndiyo lugha ya jeshi nchini kwetu tangu enzi za King's African Rifles, kikosi kilichoundwa na Waingereza mwaka 1902. Kijana aliyetoka kijijini akijua Lugisu, Ateso au Runyankore tu, akiingia depo alijifunza Kiswahili kwa nguvu za koo la mkufunzi. Baada ya miaka kadhaa anaacha utumishi, anafanya mtihani wa kuingia chuoni kwa njia ya watu wazima waliotimiza miaka 25, kisha anatazama orodha ya masomo. Anaona Kiswahili. Anajisemea, hapa nitapita bila jasho.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Tulikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye kwa miaka tisa alikuwa akiamuru watu kwa lugha hii usiku na mchana. Insha yake ya kwanza ilirudi na alama 34 na wino mwekundu kila mstari: kitabu yangu, watu yote, maji iko mingi. Hakulalamika. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni, na kwa wiki mbili hatukumwona. Tulikuja kupata habari kwamba alikuwa ameanza kuulizia kazi ya ulinzi mjini.

Kwa upande mwingine wa darasa kulikuwa na jambo zito zaidi. Wapo wanafunzi wetu waliokulia kaskazini wakati wa vita, na Kiswahili chao cha kwanza kukisikia kilikuwa cha kizuizi cha barabarani: simama, kaa chini, toa kitambulisho. Mmoja alituambia waziwazi kwamba akimsikia mwenzake huyo akisoma kwa sauti, tumbo linamkaza. Hatuwezi kumlaumu. Wala hatuwezi kumlaumu yule anayesoma. Wengine walimwita "afande" kwa utani, nao utani huo hakuupenda.

Tulipotafuta jinsi wengine walivyofanya, tuliangalia Marekani, ambako jambo hili lina historia ndefu. Mwezi Juni 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria iliyokuja kujulikana kwa jina la GI Bill. Serikali ililipa karo ya askari aliyerudi, hadi dola 500 kwa mwaka, pamoja na posho ya kujikimu. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wote wa vyuo vya nchi ile walikuwa askari wa zamani. Hadi mpango wa awali ulipomalizika mwaka 1956, watu wapatao milioni 2.2 walikuwa wamepitia vyuoni kwa sheria hiyo, na mamilioni wengine walijifunza ufundi na kilimo.

Fedha zilikuwepo, lakini fedha hazikufungua kila mlango. Askari weusi, hasa wa majimbo ya kusini, walikuwa na haki ile ile kwenye karatasi, ila vyuo vingi vya huko viliwakataa kwa rangi yao, na vile vichache vya watu weusi havikuwa na nafasi za kutosha. Hata waliopokelewa walikuta vyuo vilivyotengenezwa kwa ajili ya kijana wa miaka 18 asiye na mke. Ikabidi mabanda ya bati ya kijeshi yasimamishwe viwanjani ili familia zipate pa kulala. Chuo Kikuu cha Columbia cha New York kilianzisha mwaka 1947 kitivo cha watu wazima, School of General Studies, ambacho kilipokea wengi wa askari hao na kipo mpaka leo.

Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2008 kwa ajili ya waliotumikia baada ya Septemba 11, 2001, ikaanza kazi Agosti 2009. Kwa aliyetimiza masharti yote, hulipa karo nzima ya chuo cha umma kwa miezi 36 ya masomo, pamoja na fedha za nyumba na vitabu. Mwaka huo huo wa 2008 wanafunzi wenyewe waliunda chama, Student Veterans of America, chenye matawi katika vyuo vingi. Kwa maoni yetu hili la pili ndilo la kujifunza. Karo yetu haitafika huko karibuni, lakini tawi la wanafunzi halihitaji hazina ya taifa.

Chuo kilichojipanga vizuri kule huwa na chumba. Ndani kuna meza, birika la kahawa, viti, na ofisa anayeshughulikia hati zao ili posho isichelewe. Mara nyingi anayekaa pale mezani ni mwanafunzi mwenyewe aliyekuwa askari, akilipwa kwa saa zake. Mgeni akiingia na barua asiyoielewa, hukuta mtu aliyeipokea barua kama hiyo mwaka jana. Pia ni mahali ambapo hakuna atakayemuuliza lile swali ambalo vijana hawachoki kuliuliza: "Je, umewahi kuua mtu?" Baadhi ya vyuo huwafunza walimu pia, wajue kwa mfano kwamba anayechagua kiti cha nyuma karibu na mlango huenda hana kiburi, ndipo anapoweza kutulia.

Hapa kwetu, Bodi ya Misaada kwa Askari wa Zamani iliyoanzishwa mwaka 1992 ilishughulikia zaidi ya askari 36,000 waliopunguzwa jeshini hadi 1995. Walipewa fedha za kuanzia maisha na vifaa vya kurudia nyumbani, yakiwemo mabati. Nia ilikuwa warudi shambani. Mpango huo haukuundwa kwa ajili ya mtu atakayetaka shahada.

Basi tumeanza na tunachokiweza. Kwanza, tumeacha kukiita Kiswahili cha jeshini "kibovu". Ni lahaja ya kazi, ina kanuni zake na historia yake. Neno "afande" lenyewe limetoka katika "efendi" la Kituruki, likaja na askari wa Sudan. Katika vipindi viwili vya ziada kwa wiki, mwanafunzi huandika sentensi kama aizungumzavyo, kisha huiandika upya kwa Kiswahili sanifu, akieleza kilichobadilika katika ngeli. Anayejua lugha kwa sikio husonga haraka kuliko anayeanza na alifu. Pili, mwalimu mmoja ameteuliwa ili apokee shida zao za karatasi na za kimaisha. Zikimzidi, huwapeleka kwa mshauri wa chuo. Chumba bado hatuna. Tunatumia maktaba ndogo ya idara baada ya saa kumi jioni, na chai tunachangishana.

Kuhusu darasa lenyewe, hatukulazimisha mapatano. Tuliacha kuwataka wasome kwa zamu mbele ya wenzao, tukawagawa katika makundi madogo ya kutafsiri. Yule binti wa kaskazini ndiye aliyechagua kukaa kundi moja na askari wetu, muhula wa pili, kwa sababu alimhitaji katika methali. Bado anasema sauti ile ya amri haipendi. Naye ameizoea kuishusha. Humwita "kaka" sasa.

Mwanafunzi huyo yuko mwaka wa tatu. Kazi yake ya utafiti inahusu msamiati wa gwaride: kuruta, kombania, na amri ambazo kamusi zetu hazijaziandika. Anatafuta wazee waliotumikia kabla ya mwaka 1971 wakubali kurekodiwa. Msomaji mwenye babu au jirani wa aina hiyo afike idarani, jioni, saa zile za chai.