Sekunde Moja kwa Kila Kiunzi

Mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji zinapooneshwa kwenye runinga, kamera huyapenda maji. Mkimbiaji anakanyaga kiunzi, anajirusha, maji yanatapakaa, na mtazamaji, awe sebuleni Ngara mjini au kwenye kibanda umiza pale Nyakahura, Biharamulo, anadhani ameona kiini cha mashindano. Kiini hakipo hewani. Kipo katika hatua tano za mwisho kabla ya kiunzi na mbili za kwanza baada yake. Anayejua kuzitazama hatua hizo humtambua aliyechoka kabla pengo halijaonekana.

Kila mkimbiaji huvuka viunzi vikavu 28 na vya maji 7, jumla mara 35. Kimo ni sentimita 91.4 kwa wanaume na 76.2 kwa wanawake. Kimo hicho cha wanaume ni kilekile cha mbio za mita 400 za viunzi, ambazo John Akii-Bua wa Uganda alizishinda katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, akiwa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48. Ila kiunzi cha Akii-Bua ukikigonga kinaanguka. Cha mita 3,000 ni boriti nzito ya kilo 80 hadi 100. Ukiigonga, unaanguka wewe. Ndivyo yalivyomkuta Lamecha Girma wa Ethiopia katika fainali ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Huyu ndiye mshikilia rekodi ya dunia. Aligonga kiunzi katika mzunguko wa mwisho, akatolewa uwanjani kwa machela.

Rekodi yenyewe, aliyoiweka mwaka 2023, ni dakika 7 na sekunde 52.11. Kwa mita 3,000 zisizo na viunzi, rekodi ni dakika 7 na sekunde 17.55, ya Jakob Ingebrigtsen wa Norwei, mwaka 2024. Tofauti ni sekunde 34.56. Igawe kwa 35. Hao ni watu wawili tofauti, lakini hesabu inatoa picha ya kweli: hata kwa walio bora kabisa, kiunzi kimoja kinagharimu karibu sekunde moja. Kijana asiyefundishwa akipoteza mbili kila mara, kufikia mwisho zaidi ya dakika nzima imekwenda, na mapafu yake hayana kosa lolote.

Sekunde hiyo huliwa wapi? Kwanza, kabla ya kuruka. Kati ya kiunzi na kiunzi kuna kama mita 78, na hakuna anayeweza kuzihesabu hatua zote hizo kama wafanyavyo wa mita 110 za viunzi, kwa kuwa watu wamesongamana na mwendo hubadilika kila mzunguko. Lazima apime kwa jicho. Aliyefundwa huanza kurekebisha hatua akiwa bado mbali, akafika na mwendo wake. Asiyefundwa hujikuta yuko karibu mno, akakata hatua, akachezacheza miguu, kisha akaruka juu kama anayevuka ua wa miiba. Hapo hasara ya pili inamsubiri: anayepanda sana hutua kwa kishindo, goti linalegea, na hatua inayofuata anaitumia kujiokoa asianguke. Kwa hiyo tazama kichwa. Kichwa cha mrukaji mzuri hupanda kidogo tu.

Kwenye maji hesabu ni nyingine. Shimo lina urefu wa mita 3.66. Kina ni kikubwa karibu na kiunzi, kisha sakafu hupanda polepole hadi kulingana na uwanja, hivyo kadiri unavyotua mbali ndivyo maji yanavyopungua. Wengi hukanyaga juu ya boriti, yenye upana wa sentimita 12.7 tu, wakajisukuma mbele, mguu mmoja ukatua majini na wa pili ukatua pakavu. Amos Biwott wa Kenya alishinda Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiliruka shimo zima bila kulowa. Nguvu inayohitajika ni kubwa, na kwa anayejifunza hatari ya kutua vibaya ni kubwa zaidi. Simshauri mwanafunzi kuanzia huko. Utulivu nao unahitajika. Beatrice Chepkoech wa Kenya, katika fainali ya mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, alilipitiliza shimo la maji kabisa, ikabidi arudi kuliruka. Mwaka uliofuata aliweka rekodi ya dunia ya wanawake, dakika 8 na sekunde 44.32.

Watanzania tuna sababu ya pekee ya kuzijua mbio hizi. Taifa letu lina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980. Moja ni ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Nyingine ni ya Filbert Bayi katika viunzi na maji. Dunia ilikuwa imemjua Bayi kwa mita 1,500: katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch mwaka 1974 aliongoza tangu mwanzo na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Mwaka 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal, na miaka yake bora ikapita bila medali ya Olimpiki. Moscow alikuja na mbinu ileile ya kukaa mbele na kuwaburuza wenzake. Alijenga pengo kubwa. Bronisław Malinowski wa Poland hakumfuata kwa pupa. Alilipunguza taratibu, akampita katika mzunguko wa mwisho. Malinowski alimaliza kwa dakika 8 na sekunde 9.70, Bayi kwa dakika 8 na sekunde 12.48.

Sekunde 2.78 ukizigawa kwa 35 unapata nane za mia za sekunde kwa kila kiunzi. Sisemi Bayi alishindwa kwa kutojua kuruka. Mwendo wa mwanzo ulikuwa mkali, na miguu ilidai malipo yake. Ninachosema ni kwamba dhahabu ilikuwa karibu kiasi hicho. Inaniuma kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga hadi miaka ya 1990, hivyo kizazi kizima kinalijua jina la Bayi bila kuwahi kuziona hatua zake.

Majirani hawakusubiri. Kenya ilishinda dhahabu ya wanaume katika kila Olimpiki iliyoshiriki kuanzia 1968 hadi 2016, mpaka Soufiane El Bakkali wa Moroko alipoukata mfululizo huo Tokyo. Katika mashindano hayohayo, yaliyofanyika mwaka 2021, Peruth Chemutai alikimbia dakika 9 na sekunde 1.45 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kutwaa dhahabu ya Olimpiki.

Husemwa kwamba milima ya Ngara peke yake ingetosha kutoa wakimbiaji. Sikubaliani. Mlima hujenga pafu na paja. Haulifundishi jicho kuipima boriti. Hilo hufundishwa, na vifaa vyake havina gharama ya kututisha. Gogo jembamba la mkaratusi juu ya nguzo mbili linatosha kwa shule yoyote ya Ngara au Biharamulo. Liwekwe tu, lisifungwe, ili mwanafunzi akiligonga lianguke. Aanzie kimo cha goti, akimbie kwa mwendo wa kawaida, na gogo lisogezwe kila siku ili asizoee kukariri hatua. Miguu yote, wa kulia na wa kushoto, ijifunze kutangulia kwa usawa, kwani kwenye mbio hakuna muda wa kuchagua. Badala ya maji, mchanga mkavu unatosha kwa msimu mzima wa kwanza, na apewe ruhusa ya kukanyaga juu ya gogo pale tu anapoweza kulivuka bila kupunguza mwendo, na siku hiyo gogo lifungwe imara.