Kukata Njia ya Testosteroni: Dawa za Homoni kwa Saratani ya Tezi Dume Iliyosambaa

Saratani ya tezi dume hustawi kwa testosteroni, homoni ya kiume ambayo sehemu yake kubwa hutengenezwa na korodani. Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins na Clarence Hodges walionyesha kuwa mgonjwa akiondolewa korodani, au akipewa estrojeni, saratani hurudi nyuma hata kama imekwisha kuingia mifupani. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Dawa zote za homoni zilizofuata zina lengo hilohilo. Zinapotofautiana ni mahali zinapoikata njia ya testosteroni, na hapo ndipo yanapotokea madhara ya kila dawa.

Upasuaji wenyewe haujapitwa na wakati. Hufanyika mara moja, testosteroni hushuka ndani ya saa chache, na hakuna sindano ya kununua tena. Wengi huukataa kwa kuwa hauwezi kutenguliwa.

Sindano kama goserelini na leuprolidi, za kila mwezi au kila miezi mitatu, huichochea tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo mpaka ichoke na kuacha kuziamuru korodani. Kabla ya kuchoka, hata hivyo, pituitari huzidisha kazi, na testosteroni hupanda kwa wiki moja au mbili. Kwa mtu ambaye saratani imeshika uti wa mgongo, wiki hizo zinaweza kumletea ulemavu wa miguu, ndiyo maana huanzishiwa kwanza vidonge vya kinga kama bikalutamidi. Degareliksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, huizuia pituitari papo hapo bila kuichochea, ila sindano yake ni ya kila mwezi na huacha uvimbe wenye maumivu pale ilipochomwa. Relugoliksi hufanya kazi hiyohiyo kwa kidonge cha kila siku. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, matukio makubwa ya moyo na kiharusi yaliwapata asilimia 2.9 ya waliomeza relugoliksi, na asilimia 6.2 ya waliochomwa leuprolidi. Kwa mzee mwenye historia ya ugonjwa wa moyo, tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Korodani zikinyamaza, kazi haijaisha. Tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa homoni kidogo, na seli za saratani zenyewe hujifunza kujitengenezea. PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, huanza kupanda tena ingawa testosteroni katika damu iko chini. Hapo ndipo zilipoingia abirateroni mwaka 2011 na enzalutamidi mwaka 2012. Siku hizi hazisubiri usugu: wagonjwa wengi ambao saratani imesambaa huanzishiwa mojawapo mapema, pamoja na sindano.

Abirateroni huzima kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza testosteroni popote mwilini. Kuzima huko hupunguza pia kotisoli, na mwili hujibu kwa kuzidisha homoni za chumvi: presha hupanda, miguu huvimba, potasiamu hushuka. Kwa sababu hiyo humezwa pamoja na prednisoloni, steroidi ambayo mwenye kisukari huilipia kwa sukari kupanda. Ini nalo hupimwa mara kwa mara. Enzalutamidi haigusi utengenezaji. Hukiziba kipokezi ambacho homoni hujishikiza kwacho ndani ya seli. Haihitaji steroidi, lakini huchosha, inaweza kupandisha presha, huongeza hatari ya kuanguka kwa wazee, na mara chache huleta degedege. Pia huharakisha ini kuzivunja dawa nyingine, zikiwemo baadhi ya zile za VVU. Darolutamidi, ndugu yake wa mwaka 2019, huingia kidogo sana kwenye ubongo.

Kuzitumia abirateroni na enzalutamidi kwa pamoja huongeza madhara bila faida ya maana. Kuzifuatanisha kuna mpangilio wake: katika utafiti wa Kanada wa mwaka 2019, PSA ilishuka vya kutosha kwa asilimia 36 ya waliohamia enzalutamidi baada ya abirateroni, lakini kwa asilimia 4 tu ya waliokwenda kinyume chake. Sababu mojawapo ya usugu dhidi ya dawa hizi ni kipokezi kilichokatika, AR-V7, kinachofanya kazi bila homoni yoyote.

Bei nayo ina uzito. Shirika la Afya Duniani liliingiza abirateroni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Kwa kawaida humezwa miligramu 1,000 tumbo likiwa tupu, kwa sababu chakula chenye mafuta mengi kinaweza kuongeza kiasi kinachoingia katika damu hadi mara kumi. Mwaka 2018 watafiti waliligeuza tatizo hilo kuwa nafuu: waliwapa wagonjwa miligramu 250 pamoja na kifungua kinywa chenye mafuta machache, na PSA ilishuka sawa na kwa waliomeza kipimo kizima. Walioshiriki walikuwa 72 tu, na kilichopimwa ni PSA, si urefu wa maisha. Mgonjwa hapaswi kujipunguzia dozi mwenyewe, lakini kwa daktari ambaye mgonjwa wake hamudu vidonge vinne kwa siku, robo hiyo ni afadhali kuliko kukosa dawa kabisa.