Wanzuki wa Zabibu: Asali Peke Yake Haitoshi

Asali iliyoiva hukaa kwenye dumu miaka bila kuchacha. Ichanganye na maji, na ndani ya siku moja au mbili inaweza kuanza kutoa povu. Asali ni ile ile na sukari ni ile ile. Kilichoongezeka ni maji tu, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakisubiriwa.

Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, na maji hayafiki asilimia 20. Katika uzito huo, chembe ya hamira hunyonywa maji yake yote ikabaki imelala. Ndiyo sababu mfugaji nyuki mzoefu huvuna masega yaliyozibwa kwa nta, kwani nyuki hawayazibi mpaka asali imekauka vya kutosha. Asali iliyovunwa mbichi, yenye maji mengi, huchacha yenyewe na kuvimbisha dumu. Anayetengeneza wanzuki, yaani pombe ya asali, hufanya jambo hilo hilo kwa makusudi: huizimua asali ili kuiamsha hamira.

Hamira ikishaamka hula sukari na kutoa kileo na hewa ukaa. Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac alipiga hesabu yake mwaka 1815: gramu 100 za sukari hutoa karibu gramu 51 za kileo, na gramu 49 huwa gesi. Miaka 45 baadaye Louis Pasteur alionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na viumbe hai. Na kiumbe hai hakiishi kwa sukari tupu.

Hapo ndipo wengi wanaoanza hukwama. Ili izaliane, hamira inahitaji nitrojeni ya kujengea protini, pamoja na madini na vitamini. Asali ina vitu hivyo kwa kiasi kidogo mno. Pia haina cha kutosha cha kuzuia uchachu usizidi, kwa hiyo kinywaji huwa kikali kupita kiasi mapema na hamira hudhoofika kabla sukari haijaisha. Hamira yenye njaa hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Wapo wanaomwaga ndoo nzima wakidhani imeingia uchafu, kumbe hamira ilikosa chakula.

Watengenezaji wa pombe ya asali Afrika Mashariki walipata dawa zao bila maabara. Masega yakikamuliwa na kutiwa majini pamoja na chavua iliyomo, chavua hiyo huleta protini. Kwa Wakikuyu wa Kenya, muratina hutumia tunda la mwegea lililochemshwa na kukaushwa. Nyuzi zake hushika hamira ya pombe iliyopita na kuipeleka kwenye inayofuata.

Njia iliyo rahisi zaidi kwa anayeanza ni tunda bichi lenye maji, na mkazi wa Gairo, Tanzania, kwa mfano, hana haja ya kulitafuta mbali. Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, iko kwenye barabara kuu kati ya Morogoro na Dodoma. Upande wa Dodoma kuna zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, karibu Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Zabibu huleta nitrojeni, potasiamu na asidi yake kwa pamoja. Ukwaju na ubuyu pia hufaa, lakini utie kidogo na mwishoni. Ukwaju una asidi nyingi inayoweza kuichosha hamira tangu mwanzo, na ubuyu huacha ukungu usiotulia kwa urahisi.

Kwa mara ya kwanza, kilo 1 ya asali, kilo 1 ya zabibu na lita 4 za maji yaliyochemshwa na kupoa zinatosha. Tumia ndoo ya plastiki ya lita 10, ya daraja la chakula, iliyooshwa vizuri. Ponda zabibu kwa mkono, kisha koroga asali kwenye maji kwa nguvu. Hamira inahitaji oksijeni mwanzoni ili kuimarisha ngozi ya chembe zake, na huu ndio wakati pekee wa kuipa. Chukua kijiko cha chai cha hamira ya mkate, uichemshe dakika chache na kuitia humo: hamira iliyokufa ni chakula kizuri cha iliyo hai. Kijiko kingine kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 15, kisha nacho ukitie.

Asali na zabibu za kiasi hicho zina karibu gramu 180 za sukari kwa kila lita. Kwa kuwa gramu 17 hivi huleta asilimia 1 ya kileo, kinywaji kikikauka kabisa hufikia karibu asilimia 10, maradufu ya bia ya kawaida. Gesi itakayotoka ni zaidi ya lita 200. Kwa hiyo usizibe chombo kikakazana kamwe. Pitisha mrija kwenye kifuniko, na ncha yake ya pili izame kwenye chupa ya maji. Gesi itatoka kwa mapovu, na hewa ya nje pamoja na vijinzi vya matunda havitapata njia. Vijinzi hivyo hubeba bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki.

Kwa wiki ya kwanza, zamisha maganda ya zabibu mara mbili kwa siku yasiote ukungu. Baada ya hapo chuja, hamishia kwenye dumu safi la lita 5 lenye mrija ule ule, ulijaze karibu na mdomo, na uliache litulie miezi miwili. Baridi ya usiku ya Gairo, iliyo juu zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, inasaidia: hamira ikipata joto kali hutoa vileo vizito vyenye ladha ya kuunguza koo. Liweke ndani, mbali na jua. Usitie kwenye chupa za vioo kabla mapovu hayajakoma na utamu haujakwisha. Chupa zimewahi kupasuka na kuumiza watu.

Usijaribu kukichemsha na kukusanya mvuke wake. Hiyo ni gongo, ni kosa kisheria, na madhara yake yanajulikana. Kuuza pombe nako kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Watoto na wajawazito wasionje, na dereva asiguse.

Mwisho, andika kwenye dumu tarehe, kiasi cha asali na aina ya tunda. Kinywaji kikinoga utaweza kukirudia, na kikiharibika utajua pa kurekebisha. Kikinuka yai viza katika siku za mwanzo, usikimwage: kipe kijiko kingine cha hamira iliyochemshwa.