Punda akinyonyoka manyoya, kipimo cha damu pekee hakitoshi

KWA kaya nyingi za Ikungi, Iramba na Manyoni mkoani Singida, punda ndiye gari la nyumbani. Hubeba madumu ya maji, hufikisha magunia ya alizeti barabarani na huvuta mkokoteni siku ya mnada. Akiota mabaka yasiyo na manyoya pale tandiko linapokaa, hawezi kufungwa kazi, na mwenye mali huanza kuhesabu hasara.

Mfugaji mwenye wasiwasi huomba mnyama wake atolewe damu, akiamini damu huonyesha kila ugonjwa. Kwa fangasi wa ngozi, imani hiyo inaweza kumpotezea fedha na muda.

Sababu yenyewe ni rahisi. Fangasi wanaosababisha mapunye kwa punda na farasi huishi kwenye manyoya na tabaka la juu la ngozi lililokwisha kufa. Hawaingii kwenye damu, hivyo hawawezi kuonekana humo. Chembechembe nyeupe zikiongezeka, daktari atajua mwili unapambana, lakini hatajua unapambana na nani.

Vipo vipimo vya damu vinavyotafuta kingamwili za fangasi, hasa kwa magonjwa ya ndani. Hata hivyo, farasi anayelishwa majani makavu yaliyoota ukungu anaweza kuwa na kingamwili hizo ilhali ni mzima. Kipimo kinaeleza kwamba mnyama aliwahi kukutana na fangasi, si lazima kwamba anaumwa leo.

Mfano mwingine unatoka Ethiopia, ambako fangasi wa mishipa ya limfu huwasumbua sana farasi wa mikokoteni na kuwatoa majipu yaliyopangana kama shanga. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta takriban farasi 19 kati ya kila 100 wakiwa nao. Vipimo vya damu vya ugonjwa huo vipo, lakini usaha uliopakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini bado ndio njia inayotegemewa zaidi.

Kwa punda mwenye mabaka, sampuli inayofaa ni manyoya na magamba. Eneo hufutwa kwa spiriti na kuachwa likauke. Kisha manyoya hung'olewa na magamba kukwanguliwa pembezoni mwa baka, kwa kuwa katikati mara nyingi fangasi wamekwisha kufa. Sampuli huwekwa kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwani unyevu huotesha vijidudu vingine.

Maabara huweza kuona fangasi kwa hadubini siku hiyo hiyo. Kuotesha huchukua wiki mbili hadi nne. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) una kituo Dodoma, kilomita zipatazo 240 kutoka Singida mjini, na bahasha husafiri kwa urahisi kuliko chupa ya damu.

Majibu haya yana faida kubwa, kwa sababu ukurutu wa utitiri na ugonjwa wa bakteria unaotoa magamba wakati wa mvua hufanana na mapunye. Kila mmoja una dawa yake, na anayebahatisha dukani huweza kununua tatu bila kupona hata moja.

Damu nayo ina mahali pake. Punda aliyekonda, mwenye homa na ufizi uliopauka, hasa aliyechungwa kwenye mapori yenye mbung'o, apimwe damu mapema. Vimelea vya nagana, ambayo wafugaji huiita ndorobo, huonekana humo kwa hadubini.

Wakati wa kusubiri majibu, punda mwenye mabaka atengwe na wenzake, na asiazimwe. Matandiko na brashi zake zisitumiwe kwa mwingine, maana mbegu za fangasi hudumu humo miezi mingi. Anayemshika anawe kwa sabuni, na watoto wakae mbali, kwani mapunye huambukiza binadamu.

Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, baada ya biashara hiyo kupunguza wanyama hao na kupandisha bei yao. Kwa mfugaji wa Singida, aliyebaki naye zizini si rahisi kumpatia mbadala. Kabla ya kulipia chupa ya damu, amuulize afisa mifugo wa kata swali moja: ugonjwa unaotafutwa unakaa wapi mwilini?