Mbwa Akianguka Degedege Tabora

"Kichaa!" Ndivyo watu wanavyopiga kelele mbwa akianguka uani Isevya au Ng'ambo, mjini Tabora, miguu ikikwaruza udongo, povu likimtoka, macho yamekodoka na hayaoni kitu. Watoto huvutwa ndani, majirani huokota mawe, na mara nyingine mbwa huuawa kabla hajatokea mtu wa kuuliza kama alishapata kuanguka hivyo siku za nyuma. Hofu hiyo ina sababu. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 1,500 hufa kila mwaka Tanzania kwa kichaa cha mbwa, wengi wao watoto wa vijijini, na dalili zikishajitokeza hakuna tiba ya kutegemewa.

Lakini wako mbwa wanaoanguka, wakatetemeka kwa dakika moja au mbili, wakainuka wakiwa wamechanganyikiwa, wakanywa maji, na baada ya saa moja wakawa wanatikisa mkia kama kawaida. Mwezi unapita, wanaanguka tena. Mwenye mbwa wa namna hii ana swali lake: je, amezaliwa na ugonjwa huu? Swali hilo lina jibu hata kwa mtu wa Tabora, mbali na hospitali kubwa za mifugo. Ila jibu lenyewe halipatikani kwa kupima kitu kimoja. Linapatikana kwa kuondoa magonjwa mengine mojamoja, na katika nchi hii ya miombo magonjwa hayo ni mengi.

Kichaa ndicho cha kwanza kuondolewa, na kinachokiondoa ni muda. Virusi vyake husafiri kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na mbwa akianza kuonyesha dalili hufa ndani ya siku kumi hivi. Mbwa aliyeanguka Januari na bado anakula ugali wake Machi hana kichaa. Kabla muda huo haujapita hakuna kubahatisha: afungiwe mahali pasipofikika na watoto, asishikwe mdomoni, na afisa mifugo aitwe. Aliyeng'atwa, au aliyerambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano na aende hospitali siku hiyohiyo. Kadi ya chanjo ya mbwa, kama ipo, itafutwe.

Kisha kuna mbung'o. Tabora ilikuwa kitovu cha njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na njia hiyo iliwatesa wanyama wageni tangu zamani. Henry Morton Stanley aliposafiri kumtafuta Livingstone mwaka 1871 alikuwa na mbwa mlinzi, Omar, aliyetoka India. Omar alikufa baada ya kuvuka kinamasi cha Mkata, hata Tabora hakuiona. Mwaka 1874 Stanley alirudi na mbwa watano kutoka Uingereza. Bull, aliyevumilia kuliko wengi wa wenzake, alitembea kutoka pwani hadi Ziwa Victoria na kwingine, akafa mwaka 1876 wakati msafara ukishuka kusini kutoka Karagwe. Siku hizo hapakuwa na mtu wa kupima damu na kujua kama mbung'o walihusika. Ni katikati ya miaka ya 1890 ndipo David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyekuwa Zululand, alipoonyesha kwamba nagana, yaani malale ya wanyama, husababishwa na vimelea vya damu vinavyobebwa na mbung'o.

Vimelea hivyo bado vipo. Urambo, makao ya Mtemi Mirambo zamani, ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania ambako malale ya binadamu yameripotiwa. Mbwa anayefuatana na wawindaji au warina asali porini anaweza kuumwa na mbung'o, akapata homa, akakonda, macho yakafunikwa na ukungu wa bluu, na ugonjwa ukiingia kwenye ubongo akaanza kuyumba au kupata degedege. Tone la damu chini ya hadubini linaweza kuonyesha vimelea, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Tabora. Kupima damu kabla ya kumhukumu mbwa kwamba ana ugonjwa wa ukoo ni jambo dogo, na linaweza kumwokoa, kwa kuwa nagana ina dawa.

Distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, nayo haina budi kutajwa, maana Watanzania waliiona kwa simba. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka usoni, kuyumba na kuanguka degedege. Karibu theluthi ya simba wa hifadhi, wapatao 1,000, walikufa. Watafiti walivikuta virusi vya distempa, na macho yakaelekezwa kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, ambao wengi wao walikuwa hawajachanjwa. Mbwa aliyepona homa na makamasi ya distempa anaweza kubaki na msuli mmoja unaoruka bila kukoma, hata akiwa usingizini, au akapata vipindi vya kutafuna hewa huku mate yakimtoka. Chanjo yake ipo, na hutolewa mbwa angali mdogo.

Sumu ni ya mwisho katika orodha hii. Mkoa wa Tabora unalima tumbaku, na penye tumbaku pana dawa za kuua wadudu. Penye ng'ombe pana dawa za kuogeshea. Mbwa aliyelamba kopo au kunywa maji ya josho huweza kutetemeka, kutokwa mate mengi na kuanguka ndani ya saa chache. Hapo hakuna kusubiri mwezi upite. Kopo lenyewe lipelekwe kwa daktari pamoja na mbwa.

Yote hayo yakishaondolewa, ndipo kurithi kunapoingia. Mwaka 2015 madaktari wa mifugo kutoka nchi mbalimbali walikubaliana vigezo vya kifafa cha mbwa kisichotokana na jeraha wala ugonjwa mwingine, kile ambacho mara nyingi hushukiwa kuwa cha ukoo. Vigezo vya ngazi ya kwanza havihitaji mashine ya kupiga picha ya ubongo: mbwa awe amepata degedege mara mbili au zaidi, zikiachana kwa angalau saa 24, ziwe zimeanza akiwa na umri kati ya miezi sita na miaka sita, katikati ya vipindi awe mzima kabisa anapochunguzwa, na vipimo vya kawaida vya damu na mkojo visionyeshe hitilafu. Haya yote yanaweza kufanyika Tabora. Mbwa aliyeanza kuanguka akiwa na miaka tisa, au anayezunguka upande mmoja na kugonga ukuta hata siku asizoanguka, atafutiwe sababu nyingine.

Kwa nini ugonjwa upite katika ukoo? Kila mbwa ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Magonjwa mengi ya kurithi hujitokeza pale tu nakala zote mbili zinapokuwa mbovu. Mwenye moja ni mzima, lakini anaweza kuirithisha. Mbwa wa kienyeji, wanaojichagulia wenza kijiji hadi kijiji, mara chache hukutanisha nakala mbovu mbili zinazofanana. Mbwa wa aina maalumu wametengenezwa kinyume chake. Jamani Shepadi, ambaye Watanzania wengi humwita mbwa wa polisi, aliandikishwa kama aina mwaka 1899, wakati Max von Stephanitz wa Ujerumani alipomweka dume mmoja, Horand, kuwa wa kwanza katika kitabu chake cha vizazi. Uzao wa Horand na ndugu zake ulipandishwa wao kwa wao. Na katika mji wenye Jamani Shepadi wachache, mfugaji anayetaka "damu safi" huishia kumpandisha dada kwa kaka au binti kwa baba. Hapo ndipo nakala mbovu hukutana.

Mfano ulio wazi ni wa mbwa mwenye asili ya Afrika, Rhodesian Ridgeback, mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani, Finland na wenzao walitangaza kwamba aina fulani ya kifafa cha mbwa hao, ambayo huanza utotoni kwa mishtuko mbwa anapokuwa ametulia au anasinzia, inatokana na kasoro katika jeni iitwayo DIRAS1. Mbwa wa namna hiyo anaweza kupimwa. Kwa kifafa cha Jamani Shepadi, ingawa dalili za kurithi zipo, hakuna kipimo cha jeni moja cha kukithibitisha.

Jamani Shepadi huyohuyo ana ugonjwa mwingine wa uzeeni. Akifikisha miaka minane au zaidi, huanza kuburuta kucha za miguu ya nyuma, kisha kiuno kinayumba, na ndani ya mwaka mmoja hivi anaweza kushindwa kusimama. Maumivu hana. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliuhusisha ugonjwa huu na jeni ya SOD1, ambayo kwa binadamu pia inahusika na ugonjwa unaolemaza misuli. Kipimo cha mate kikionyesha nakala mbili mbovu, maana yake ni hatari tu. Uhakika kamili hupatikana kwa kuuchunguza uti wa mgongo baada ya kifo. Na kiuno kinachoyumba kinaweza kutokana na nyonga au pingili zilizobana, mambo ambayo huuma na yana matibabu yake, kwa hiyo mbwa asiachwe tu kwa kudhaniwa kuwa ni uzee.

Wafugaji wa Tabora wana jambo jingine la kuangalia kwa karibu: sindano ya ivermekitini. Dawa hii ya minyoo na kupe wa ng'ombe imo karibu kila duka la dawa za mifugo, na ni rahisi kumwambia anayechoma ng'ombe amchome na mbwa. Mwaka 2001 wanasayansi wa Marekani waligundua kwamba mbwa wengi wa aina ya Collie hurithi kasoro katika jeni inayolinda ubongo dhidi ya dawa. Baadhi ya jamii za Shepadi huirithi pia. Kwa mbwa hao, kiasi cha ivermekitini ambacho wengine hawakihisi hupenya ubongoni. Huyumba, hupofuka, hutetemeka, huzimia. Na dozi ya ng'ombe inaweza kumdhuru hata mbwa asiye na kasoro hiyo.

Mwenye mbwa wa kifafa ana kazi ya kila siku, na kazi hiyo inaanzia kwenye daftari. Tarehe, saa, muda wa kuanguka, upande ulioanza, alichokula, alivyokuwa baadaye. Simu ya mkononi irekodi tukio, maana daktari mara chache humkuta mbwa akianguka. Wakati wa degedege hakuna kijiko wala mkono mdomoni. Vitu vigumu visogezwe, watu wapungue, saa itazamwe. Ikipita dakika tano, au akianguka tena na tena siku moja, hiyo ni dharura.

Dawa inayotumika zaidi ni fenobabitoni, ambayo hutolewa mara mbili kwa siku kwa saa zilezile, kwa kipimo cha daktari. Mwanzoni mbwa husinzia, hula na kunywa kupita kawaida. Ini lake lipimwe mara kwa mara, na dawa isikatishwe ghafla kwa kuwa tu ameonekana mzima, kwani kukatisha huleta degedege kali. Si kila mbwa hutulia. Takriban theluthi moja huendelea kuanguka hata wakiwa kwenye dawa.

Dawa hiyohiyo ndiyo daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway aliyoitumia alipofungua kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, kati ya watu waliokuwa wametengwa na majirani kwa kuogopwa mate yao. Hofu ya povu iliwaumiza binadamu kabla ya mbwa. Kifafa hakiambukizi, na majirani wa mbwa mwenye kifafa wanastahili kuambiwa hivyo mapema, daftari na kadi ya chanjo mkononi, kabla siku ya mawe haijafika.

Linabaki suala la uzao. Mbwa anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kurithi asipandishwe; ahasiwe, dume kwa jike. Wazazi wake nao wasirudiwe kupandishwa pamoja, hata kama watoto wao huuzwa kwa bei nzuri Dar es Salaam au Mwanza. Na aliyeuza watoto wa tumbo lile awapigie simu walionunua, awaeleze umri aliokuwa nao ndugu yao alipoanza kuanguka.