Ng'ombe Mmoja, Mifuko Miwili

Majuma machache yaliyopita mkulima mmoja na mke wake walifika ofisini kuuliza kwa nini maziwa ya ng'ombe wao yamepungua. Mzee alidhani ni ugonjwa. Bwana wa mifugo akamwuliza ni nani anunuaye chakula cha gunia. Mzee akamtazama mama, na mama akamtazama mzee. Ng'ombe hakuwa mgonjwa, alikuwa na njaa.

Katika mashamba yetu mengi ya makazi, maziwa ya asubuhi hupelekwa kwa chama cha ushirika, na malipo hutoka mwisho wa mwezi kwa jina la bwana. Maziwa ya jioni mama huwauzia majirani. Kila mmoja hujiona hana kitu, na hudhani mwenzake ndiye mwenye fedha. Hakuna mwizi hapo. Hakuna hesabu tu.

Tuchukue mfano. Ng'ombe atoa lita 7 asubuhi na lita 5 jioni, na lita 1 ya jioni hunywewa nyumbani. Kwa siku 30, maziwa ya asubuhi ni lita 210. Tuseme chama chalipa Sh. 45 kwa lita: ni Sh. 9,450. Ya jioni ni lita 120, na tuseme jirani hulipa Sh. 60: ni Sh. 7,200. Bwana azijua zile 9,450, na mama zile 7,200. Jumla yake, Sh. 16,650, hakuna aijuaye, nayo ndiyo fedha ya shamba.

Basi, ndugu mkulima, nunua daftari moja la mistari. Pigeni safu tano: tarehe, jambo, fedha zilizoingia, zilizotoka, na baki. Andikeni hata zile zinazoingia kwa simu, maana hizo hupotea upesi kuliko za mfukoni. Siku ya malipo ketini wote wawili kabla bwana hajapitia sokoni (nami nasema haya nikiwa bwana mwenyewe). Toeni kwanza fedha za ng'ombe: chakula, chumvi, dawa ya kupe. Kisha karo na madeni. Halafu kila mmoja apewe kidogo ambacho hataulizwa amekifanyia nini. Wengine hukataa jambo hili, lakini nimeona kwamba mtu asipopewa chake huanza kuficha.

Wako wanaosema, "Shamba ni kwa jina langu." Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, mashamba mengi yaliandikwa kwa jina la mume. Lakini mkopo wa ardhi ulikuwa wa miaka 30, na mikono iliyokamua na kupalilia ili ulipwe haikuwa yake peke yake. Siku hizi sheria nayo yasema hivyo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 huhesabu kazi ya shamba, kazi ya nyumbani na kulea watoto kuwa mchango. Na kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani ila mwenzi akaaye humo atie sahihi au akubali.

Wale wawili walirudi juma lililopita na daftari lao, kurasa mbili zimejaa. Mstari mmoja, wa Sh. 300, haukuwa na maelezo, nao walikuwa wakibishana juu yake hata walipotoka mlangoni. Nje, gunia la chakula lilikuwa limefungwa juu ya baiskeli.